Shavu la Kushoto

Nilikuwa nasukutua kinywa nje ya nyumba yetu, Bweri pembezoni mwa Musoma, asubuhi ya kawaida ya kiangazi, maji yakanitoka mdomoni kabla sijayatema. Yalitiririka upande wa kushoto, yakalowesha kanga. Nikadhani usingizi haujanitoka. Nikachota mengine, nikabana midomo kwa makusudi, yakatoka tena palepale. Mume wangu alikuwa anafunga ngazi kwenye pikipiki. Yeye ni fundi umeme, na siku hiyo alikuwa na kazi ya kutandaza nyaya kwenye nyumba mpya ng'ambo ya barabara. Nikamwita, "Baba!" kama ninavyomwita siku zote. Herufi ya kwanza haikutoka. Kilitoka kitu kama "fafa."

Aligeuka akicheka, akidhani namtania. Kisha akaacha kucheka.

"Umefanya nini uso?"

"Sijafanya kitu."

"Ingia ndani ujiangalie."

Kwenye kioo, upande wa kulia nilikuwa mimi. Upande wa kushoto alikuwapo mtu mwingine, mtu aliyechoka sana: nyusi imeshuka, jicho liko wazi na halipepesi, shavu limelegea, pembe ya mdomo imeelekea chini. Nikajaribu kutabasamu. Nusu ya uso ilitabasamu, nusu ikaniangalia tu.

Jambo la kwanza nililolifikiria ni baba yangu. Kiharusi kilimpata kijijini kwetu, nje kidogo ya Bunda, akiwa shambani. Kilimchukua mkono, mguu na ulimi, akalala kitandani misimu miwili ya pamba ndipo akafa. Kwa hiyo nilipokuwa nyuma ya pikipiki kuelekea hospitali, ngazi ikiwa imeachwa uani, kazi yangu njia nzima ilikuwa kukunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto kuona kama bado vinanitii. Vilitii. Nikahamia kwenye vidole vya mguu, ndani ya kiatu.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu. Aliniambia niinue mikono yote miwili, nikainua. Nimkamate vidole, nikaze, nikakaza. Nikunje kipaji cha uso kama mtu aliyekasirika. Upande wa kulia ulikunjamana, wa kushoto ukabaki laini kama wa mtoto mchanga.

"Hiyo ndiyo habari njema, mama," akasema. "Kiharusi kwa kawaida hakigusi kipaji cha uso. Wewe upande mzima umelegea, pamoja na kipaji. Huu ni mshipa wa fahamu wa uso, umevimba. Si ubongo."

"Na uso utarudi?"

"Wengi hurudi kama walivyokuwa. Wengine hurudi nusu. Siwezi kukuambia leo wewe ni yupi."

"Nitapuliza lini?"

Akaacha kuandika. "Kupuliza nini?"

"Tarumbeta. Mimi ni mwalimu wa bendi."

"Mama, kwanza tuombe jicho lifumbe. Tarumbeta litasubiri."

Akanipa vidonge, matone ya jicho, na plasta ya kubandika kope wakati wa kulala. Nilitoka pale nikiwa mtu aliyeambiwa kwamba hatakufa, na bado nikaendelea kukunja na kukunjua vidole.

Inabidi nieleze kwa nini niliuliza swali lile, maana hata mume wangu alilicheka baadaye. Nilianza kupuliza nikiwa darasa la tano, kwenye bendi ya kanisa la Bunda. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mpulizaji. Alipoolewa kwenda Tarime tarumbeta likabaki, na watu wa bendi wakasema basi apewe mtoto wa ukoo uleule, labda mapafu ni ya urithi. Tangu hapo sijawahi kuishi bila kile chombo. Nilikwenda nacho chuo cha ualimu. Nilikuja nacho Musoma nilipopangiwa kazi kwenye shule ya sekondari ambayo ilikuwa na stoo yenye vyombo vya bendi vya zamani, vingine vimeliwa na kutu, na hakuna aliyejua nani alivileta. Nikavisafisha, nikakusanya wanafunzi, na kwa kuwa hakukuwa na muziki ulioandikwa kwa bendi yenye upungufu kama wetu, nikaanza kuutunga mwenyewe.

Utunzi wangu ni wa kushona kiraka. Tuba letu, lile bomba kubwa la sauti nzito, lilikuwa na kitufe cha tatu ambacho ukikibonyeza hakirudi, hivyo miaka yote nilitunga sehemu za tuba nikikwepa kila sauti inayohitaji kitufe hicho. Mwaka nikiwa na klarineti nyingi, natunga kwa ajili ya klarineti. Mwaka wapiga tromboni wakihitimu wote kwa pamoja, nazipunguza tromboni. Watu wa mbali wangesema ni muziki mdogo. Lakini huwa naujua kila mdomo utakaoupuliza, na najua yupi ana pengo la jino na yupi anaogopa sauti za juu.

Mwaka ule nilikuwa natunga kipande kirefu kuliko vyote nilivyowahi kutunga. Kulikuwa na mkusanyiko wa bendi za shule za mkoa, ungefanyika Butiama, na kila shule ilitakiwa ipige kitu chake. Nilikiita "Asubuhi Bukima," kwa jina la kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Kinaanza na ngoma peke yake, kama watu wanaokokota mtumbwi mchangani, kisha sauti nzito, kisha klarineti zinaingia kama wanawake wanaogombania dagaa. Katikati kila kitu kinanyamaza na tarumbeta moja linaimba. Tarumbeta lile lilikuwa langu. Waandaaji waliruhusu mwalimu apige pamoja na wanafunzi wake, na mimi nilijiandikia sehemu ile kwa uchoyo kabisa, kwa sababu nilitaka mara moja maishani nipige kitu kizuri mbele za watu nikiwa bado nina pumzi.

Niliporudi shuleni nilikuwa nimebandika plasta kwenye jicho kwa ajili ya vumbi. Wanafunzi walisimama. "Shikamoo madam." Mmoja akaguna kicheko kile cha woga ambacho mtu hakikusudii, mwenzake akampiga kiwiko. Nikawaeleza kwamba mshipa umevimba na utapona. Nilisema "utafona." Hakuna aliyecheka, na hilo liliniumiza zaidi.

Tukaanza mazoezi, na hapo nikagundua mambo ambayo daktari hakuniambia. La kwanza lilikuwa sikio. Sikio la kushoto lilikuwa linasikia kupita kiasi. Ngoma kubwa ilipopigwa nilihisi mtu amenigongea bati ndani ya kichwa, na matoazi yalinifanya nishike meza. La pili lilikuwa baya zaidi. Nilikuwa nimeongoza bendi ile kwa uso. Sikuwahi kulijua hilo. Mikono yangu ilipiga mapigo, lakini kuwaambia "vuta pumzi," "sasa wewe," "polepole, usiogope," nilitumia nyusi, macho na mdomo. Nikiinua nyusi, wanaingia. Siku ile niliinua nyusi ikainuka moja tu, na klarineti wakanitazama bila kujua kama ni ishara au ni ugonjwa. Hakuna aliyeingia. Tukaanza tena, hakuna aliyeingia.

"Madam," alisema msichana wa baritoni, chombo kama tuba dogo, ambaye ndiye alikuwa mpulizaji wangu bora, mtoto wa Buhare mwenye mashavu mapana na masikio makali, "hatukuoni."

"Niko hapa."

"Ndiyo madam. Ila hatukuoni."

Nililielewa neno lake. Nikawaambia waweke vyombo chini, tukamaliza kipindi kwa kuimba do re mi, na mimi mwenyewe sikuweza hata kuimba "mi" sawasawa.

Baba yake yule msichana alikuja shuleni siku chache baadaye. Alikuwa mnunuzi wa ng'ombe, mtu wa minadani, mrefu, fimbo mkononi, kofia kaivua tangu getini. Tulisimama kwenye kivuli cha ukuta wa maktaba. Aliniangalia usoni kwa makini, bila aibu, kama anavyoangalia bidhaa yake.

"Mwalimu, pole sana."

"Asante, baba."

"Mimi sina ugomvi na wewe. Umemfundisha mtoto vizuri, hata nyumbani anapigaga mluzi mpaka ng'ombe wanageuka. Lakini nimeona uso wako." Akahamishia fimbo mkono wa pili. "Binti yangu hapulizi tena."

"Haikutokana na kupuliza. Daktari amesema."

"Daktari ameona ulivyokuwa unapuliza? Miaka yote hiyo, mashavu yanajaa hewa, mishipa inasimama shingoni. Mimi nimekuonaga kwenye sherehe. Siku moja mshipa unachoka. Huyu ni msichana, mwalimu. Ataolewa na uso gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na kila nilichotaka kusema kilikuwa na herufi nisizoweza kuzitamka. Nilisikia jinsi ninavyosikika. Nilijiona kwa macho yake: nusu ya uso imelala, chozi linatoka bila kulia, na mtu huyo anasema kupuliza hakudhuru. Hata mimi nisingemwamini.

"Usiniwekee moyoni," akasema, akavaa kofia, akaondoka.

Habari zilitembea kutoka Buhare hadi Bweri hadi mjini kwa kasi ya bodaboda. Viti vilianza kubaki wazi. Wapiga tromboni wote wakaacha isipokuwa mmoja, tena huyo alibaki kwa sababu aliishi na bibi yake ambaye hakuwa amesikia. Wapiga tarumbeta wakabaki wachache. Klarineti walibaki karibu wote, maana wazazi waliona klarineti ni kama bomba dogo tu, haitumii nguvu. Mkuu wa shule akaniita ofisini. Ni mama mwenye huruma lakini hapendi kelele na wazazi.

"Mwalimu, tuwaandikie Butiama kwamba tunajitoa. Upumzike, upone."

"Nipe muda kidogo, mkuu."

"Muda wa nini? Huwezi kupuliza, wanafunzi wameondoka."

"Nipe muda nione waliobaki wanaweza nini."

Alikubali kwa shingo upande. Sikumwambia kwamba nilikuwa na hofu nyingine, ambayo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba labda mnunuzi wa ng'ombe alikuwa sahihi. Nilikuwa nimerudi kwa daktari kumuuliza mara ya pili na akanihakikishia kwamba tarumbeta halihusiki. Lakini nilipokuwa peke yangu nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikirudiarudia ile sehemu yangu ya katikati, sauti za juu, nje uani, upepo wa ziwa ukinipiga shavuni. Shavu lilelile. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu miaka mingi. Kama ni kweli, je?

Likizo fupi ilipofika nikaenda kwa mama. Walikuwa wanachuma pamba. Nilimkuta kakaa juu ya gunia kwenye baraza anachambua majani makavu, akanitazama akabaki na pamba mkononi. Nilikuwa nimempigia simu nikamwambia, lakini kusikia si kuona.

"Shikamoo mama."

Alinyanyuka akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kwenye mwanga.

"Nani alikuangalia vibaya?"

"Hakuna, mama. Ni mshipa."

"Baba yako naye walisema ni mshipa."

Kesho yake alikuwa ameshamwita mzee mmoja wa kuchanja chale, mganga anayesifika vijiji vile. Aliketi nje na mfuko wake wa ngozi, akangoja kwa adabu. Mimi nilikataa. Nilimwambia mama kwamba nina dawa za hospitali na sitaki wembe karibu na jicho langu. Mama hakubishana mbele ya mgeni. Alimpa uji, akamsindikiza, akarudi ndani akaosha kikombe cha uji kwa nguvu mpaka nikaona afadhali angenigombeza.

"Unadhani mimi naamini wembe?" akasema mwishowe. "Mimi nakwendaga kanisani kila wiki. Lakini nilimlisha baba yako kwa kijiko. Nilimpangusa mdomo. Nilipokuona jana umeshika kitambaa mdomoni nikasema, sasa huyu naye. Na mimi nimezeeka, nani atamlisha?"

Sikuwa nimefikiria kwamba hofu yake inaweza kuwa kubwa kuliko yangu. Nikamwonyesha mikono yangu, nikazikaza ngumi. Nikasimama mguu mmoja kama mtoto, nikabadilisha mguu. Alicheka kidogo akiwa bado na machozi. Kuanzia hapo, jioni kabla ya kula, alipaka samli viganjani, akanikanda lile shavu kuanzia kidevuni kwenda juu, kama daktari alivyoelekeza nifanye mwenyewe, kwa vidole vigumu vya mtu anayechuma pamba. Sijui kama ilisaidia mshipa. Ilinisaidia kulala.

Pale kwa mama ndipo nilipokiandika upya kile kipande. Nilikaa barazani kati ya magunia nikaanza kufuta. Kufuta sauti ambayo umeitunga kwa ajili ya mtoto fulani ni kama kumwondolea sahani mezani. Baritoni ya yule msichana ilikuwa ndiyo mtumbwi wenyewe. Nikaigawa, nusu kwa tuba na nusu kwa ile tromboni moja iliyobaki. Nilipofika katikati, kwenye sehemu yangu ya tarumbeta, nilikwama. Tarumbeta waliobaki walikuwa wanaoanza. Ningemwekea mmoja wao mzigo ule, angeogopa miezi yote na angeanguka mbele za watu. Niliwaza kuifuta kabisa. Nikaiimba kichwani mara nyingi, na mara zote nilisikia uso wangu wa zamani unaipiga. Mwishowe nikawapa klarineti wawili, ndugu wa mama mmoja, waipige pamoja: mmoja anaanza, wa pili anampokea kabla pumzi haijaisha. Hawakuwa na nguvu ya tarumbeta. Wangesikika kama watu wanaozungumza. Nilikubali, si kwa furaha.

Niliporudi Musoma nikawafundisha kunisoma upya. Niliwaambia wasinitazame usoni, watazame mabega. Nikivuta mabega juu, vuta pumzi; yakishuka, ingia. Tulifanya hivyo bila vyombo, darasa zima linapandisha na kushusha mabega, wanafunzi wengine wakichungulia dirishani na kucheka. Ngoma kubwa nikaiwekea blanketi kuukuu kwa ajili ya sikio langu. Wakazoea. Mimi sikuzoea. Kila siku nilipoingia chumba kile nilihesabu vichwa kwanza, nikiogopa kwamba bibi wa mpiga tromboni amesikia.

Siku ya Butiama tulikwenda na basi la shule. Tulipoacha lami ya Bunda pale Makutano na kuanza kupanda, nilikuwa nahesabu vichwa tena. Butiama, alikozaliwa Baba wa Taifa, ni mahali ambapo kila mtoto wa Tanzania amesoma habari zake darasani, na wanafunzi walikuwa wanachungulia kila jabali kama vile litawasalimia. Bendi nyingine zilikuwa zimeshafika, zimevaa sare zenye vifungo vya dhahabu, zina vyombo vingi. Sisi tulikuwa wachache kuliko wote. Nilisikia mwanafunzi wa shule nyingine akiuliza, "Huyo madam kafanyaje jicho?" na mmoja wa klarineti wangu akamjibu kwa ukali, "Anaona kuliko wewe."

Jina la shule yetu lilipotajwa nilikuwa na kiu mbaya, na sikuthubutu kunywa maji mbele za watu. Tulijipanga uwanjani. Nikainua mabega. Ngoma ikaingia, tuba likaingia, na kwa muda nilidhani mambo yatakwenda. Kisha upepo ukanyanyuka na vumbi. Jicho langu la kushoto lilikuwa na plasta; vumbi likaingia la kulia, lile zima, likajaa machozi. Nilikuwa nimesimama mbele ya watoto wangu nikiwa sioni kitu ila vivuli.

Sikuweza kuacha, maana kiongozi ukiacha wao wanaacha. Niliendelea kupiga mapigo hewani. Nilifuata lile sikio bovu, linalosikia kupita kiasi. Lilinipa kila kitu: tromboni anakimbia, tarumbeta wa pili kashusha sauti, mmoja wa wale ndugu wa klarineti anavuta pumzi mapema kwa woga. Nikageukia upande wa ile pumzi, nikamnyooshea kiganja, kama unavyomtuliza ndama. Kila kitu kikanyamaza, pale katikati. Nikangoja. Nilihisi nimengoja kupita kiasi. Nikashusha mabega bila kujua kama wananitazama au wanatazama vumbi.

Klarineti ya kwanza ikaingia. Ilitetemeka, ikatulia. Ya pili ikaipokea. Haikuwa ile niliyoitunga. Ilikuwa ndogo, na nilitamani sana tarumbeta langu, sitadanganya. Nililitamani mpaka shavu likaniuma, lile lisilosogea. Lakini watu uwanjani walikuwa wamenyamaza kuwasikiliza, na wale watoto wawili walifika mwisho bila kuanguka.

Hatukushinda chochote. Tulipigiwa makofi ya kutosha, tukapewa soda na mkate kama wengine. Nilipofuta jicho nikaanza kuona tena, nikamwona mnunuzi wa ng'ombe nyuma ya kamba, na binti yake kando yake katika gauni la nyumbani. Bendi nyingine ilikuwa imeanza. Vidole vya yule binti vilikuwa vinabonyeza paja lake, vitufe vya baritoni, kwa kufuata muziki wa watu wengine. Baba yake alinipungia mkono kidogo. Hawakuja kunisalimia.

Uso ulianza kurudi kwenye kikao cha walimu. Tulikuwa tunajadili zamu za kusimamia mitihani, na pua yangu upande wa kushoto ikawasha, ikacheza. Niliigusa. Nikaichezesha tena kwa kutaka. Ilinitii. Mwenzangu aliyekaa karibu aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia pua, akadhani nina mafua. Baada ya pua lilikuja jicho, baada ya jicho mdomo, taratibu sana, leo hatua moja na kesho hakuna. Na haukurudi wote. Mishipa iliyopona ilijichanganya njia. Mpaka sasa nikibana midomo nipulize, jicho la kushoto linafumba lenyewe. Nilipolipuliza tarumbeta kwa mara ya kwanza, uani, ilitoka sauti yenye hewa nyingi, na mume wangu akatoka ndani akasimama mlangoni.

"Unanikonyeza?" akauliza.

"Ni tarumbeta linalokukonyeza."

Tukacheka, ila nilipoingia ndani nilikaa kitandani muda mrefu. Napiga sasa, kwa muda mfupi, nikipumzika katikati. Sauti za juu zimekwenda na sizitungi tena kwa ajili yangu.

Mnunuzi wa ng'ombe alirudi muhula uliofuata. Safari hii alikuja na binti yake, na hakuzunguka.

"Mwalimu, nilikuwa mnadani Bunda. Nikaona mchunga ng'ombe mmoja, kijana kabisa, uso wake umekwenda upande kama wako ulivyokuwaga. Nikamuuliza, wewe unapulizaga nini? Akaniona kama mwendawazimu. Akasema hajawahi kupuliza hata filimbi, kazi yake ni ng'ombe tu."

"Ndiyo, baba. Humpata mtu yeyote."

"Basi nikakaa nikafikiri. Nyumbani huyu hali chakula vizuri tangu nimkataze. Arudi. Ila mimi nitakaa kule nyuma niangalie."

Alikaa kweli, kwenye kiti cha mwisho, kofia magotini, macho hayatoki kwenye mashavu ya binti yake. Alifanya hivyo mazoezi kadhaa, halafu ng'ombe wakamwita, akaacha.

Aliyebaki anaangalia ni mimi. Nimeandika vipande vingine baada ya kile, na tuna wapiga tromboni wapya, lakini nikiwa naongoza najikuta macho yamehama kwenye karatasi, yanapita mdomo mmoja hadi mwingine, yanatafuta pembe iliyoshuka, kope iliyochelewa. Najua daktari alisema nini. Namwamini. Bado naangalia. Juzi yule msichana wa baritoni alishusha chombo katikati ya mstari.

"Madam, kuna kitu usoni kwangu?"

"Hakuna," nikamwambia. "Endelea."